Mbeya: upange au ununue mtaa upi, na utaishi na nani

Anayehamia Mbeya kutoka mkoa mwingine huuliza kodi, huuliza maji, kisha hushusha sauti: "Huko wanakaa watu gani hasa?" Swali lenyewe halina ubaya. Mtu anataka kujua kama ataelewana na majirani, kama watoto watapata wenzao, kama siku ya msiba atajua pa kukaa. Ubaya uko kwenye majibu, maana mengi hutoka kwa dalali anayetaka nyumba iondoke, au kwa mtu aliyeijua Mbeya kabla soko la Mwanjelwa halijaungua.

Takwimu rasmi hazisaidii. Sensa ya mwisho kuuliza kabila nchini ni ya 1967. Zilizofuata, za 1978, 1988, 2002, 2012 na 2022, hazikuuliza. Ndiyo maana tunajua Jiji la Mbeya lilikuwa na watu 385,279 mwaka 2012 na 541,603 mwaka 2022, lakini hakuna karatasi ya serikali inayosema Wanyakyusa ni wangapi Ilomba au Wasafwa wangapi Iwambi. Anayekupa asilimia za kabila kata kwa kata amezitunga.

Kwa hiyo ulinganisho huu unategemea vitu vingine: nani alifika mtaa upi, alifuata nini, na leo anamiliki au anapanga. Hilo la mwisho lina uzito kuliko yote. Mbeya nyumba za kupanga ndizo zinazochanganya watu. Ardhi ya ukoo inawaacha pamoja wale waliokuwa pamoja. Kata moja huwa na sura mbili: kando ya lami wapangaji wa kila mkoa, na nyuma yao, mwendo wa dakika tano kwa miguu, ukoo mmoja wenye mashamba ya mahindi na viazi.

Mji ulivyogawanywa

Vilima vinavyouzunguka mji ni vya Wasafwa. Mji wenyewe ulianza 1927, enzi ya Waingereza, ukifuata dhahabu ya Lupa upande wa Chunya. Ulipangwa kwa rangi kama miji mingine ya Tanganyika: Wazungu juu, penye hewa, chini ya mlima Loleza, Wahindi katikati, kwenye maduka, Waafrika Majengo. Uzunguni na Uhindini bado ni majina ya mitaa, na mpaka leo ukubwa wa viwanja unaonyesha mstari ulipita wapi. Panda kutoka Majengo kuelekea Loleza uone uzio unavyozidi kurefuka.

Wanyakyusa wa Rungwe na Kyela walianza kuja mapema, wengi wakipitia kwanza vibarua vya Lupa. Barabara ya Zambia na reli ya TAZARA, iliyokamilika 1975, zikaleta waliobaki: Wandali wa Ileje, Wanyiha wa Mbozi, Wamalila wa Umalila, Wasangu wa bondeni, Wakinga na Wawanji wa Makete, Wabena wa Njombe, Wahehe wa Iringa, na baadaye watu wa kaskazini na wa Kanda ya Ziwa. Barabara na reli zilipita chini, mbali na mji wa zamani, na watu wakazifuata huko. Ndiyo sababu Mbeya ina vitovu viwili: mji wa ofisi juu, na mji wa biashara Mwanjelwa.

Uzunguni na Forest, au Uhindini?

Haya mawili huwekwa kapu moja kwa sababu yako karibu na yote "ni mjini". Kuishi humo ni tofauti kabisa.

Uzunguni na Forest, ya zamani na mpya, wanakaa watu wa kazi: watumishi wa mkoa, madaktari wa Hospitali ya Rufaa ya Kanda, wahadhiri, mameneja wa benki, wafanyakazi wa mashirika, na familia chache za Kihindi na Kizungu. Kwa maana ya asili ya watu, hapa pana mchanganyiko mkubwa kuliko kata nyingi za jiji, kwa sababu uhamisho wa serikali hauangalii kabila. Mtu wa Kagera anapakana na mtu wa Mtwara. Ila hawajuani. Ukuta ni mrefu, geti linafungwa, salamu ni ya kwenye gari, na msiba unashughulikiwa na ofisi ya marehemu zaidi kuliko mtaa. Anayetafuta mahali ambapo hakuna atakayeuliza anatoka wapi, apange hapa. Mwenye watoto wadogo wanaohitaji wa kucheza nao atajuta.

Njia ya bei nafuu ya kuingia huku ni boi kota, vile vyumba vya uani vya nyumba kubwa. Kabla ya kulipa uliza mambo mawili: mita ya LUKU, ya umeme wa kulipia kabla, ni ya nani, na geti linafungwa saa ngapi. Wapangaji wengi wa boi kota huondoka kabla kodi haijaisha kwa sababu ya geti.

Uhindini ni maduka chini na makazi juu. Kilichoitikisa zaidi ni sheria ya mwaka 1971 ya kutwaa majengo, iliyochukua nyumba za kupangisha zenye thamani ya shilingi 100,000 na zaidi na kuzikabidhi kwa Msajili wa Majumba. Nchi nzima walioguswa zaidi ni Wahindi. Wengi walihama, waliobaki wakawa wapangaji, na majengo ya aina hiyo leo yako chini ya Shirika la Nyumba la Taifa. Familia za Kihindi bado zipo, Waismailia wana jamatkhana, nyumba yao ya ibada, wapo Wahindu na Wasuni, wapo Waarabu, na utakutana na Wabaluchi ambao wengi wana ndugu Rujewa na Usangu. Lakini vijana wao wamekwenda Dar es Salaam na ng'ambo, na katika vyumba vya ghorofani sasa kuna ofisi za mawakili, saluni na wapangaji wa kila kabila. Ukifika saa nne asubuhi utadhani ni mtaa wa Wahindi. Njoo saa mbili usiku: maduka yamefungwa, mtaa umebaki na walinzi.

Kosa la kawaida Uhindini ni kupangishwa na mpangaji. Mtu ana mkataba wa Shirika, anahamia kwingine, anakupa chumba kwa kodi kubwa kuliko anayolipa yeye. Shirika likikagua, wewe huna haki yoyote na kodi yako ya miezi sita imekwenda. Omba kuona mkataba wenye jina, na jina hilo lilingane na kitambulisho cha anayepokea hela.

Majengo, Sinde, Mabatini

Huu ndio mji wa zamani wa Waafrika, na ni hapa utakapoona Waislamu kwa wingi zaidi kuliko kata za pembeni, ambako Wamoravian, Walutheri, Wakatoliki na makanisa ya kiroho ndio wengi. Kiswahili cha nyumbani kimeshika mizizi. Watoto wengi hawajui lugha ya babu zao, na hakuna anayeona ajabu.

Mchanganyiko wa Majengo unatokana na nyumba yenyewe. Ni nyumba ya Kiswahili: korido katikati, vyumba vitatu kila upande, uani jiko, choo na kamba ya kuanikia. Vyumba sita vinaweza kuwa na familia za makabila matano. Majirani wanajuana kwa nguvu, upende usipende. Mtoto wako atalelewa na korido nzima.

Yanayoharibika huwa ni yale yale. La kwanza ni LUKU moja kwa watu sita. Mnachanga sawa, kisha Juni inaingia na baridi yake, mmoja ananunua hita ya maji, umeme wa wiki mbili unaisha kwa siku nne. Kabla ya kuingia uliza mchango unahesabiwa kwa kichwa, kwa chumba au kwa kifaa. Wanaohesabu kwa kifaa hugombana kidogo zaidi. La pili ni jiko la pamoja pale wanaokula kitimoto na wasiokula wanapotumia sufuria na masinki yale yale. Mbeya nguruwe ni chakula cha kila siku kwa wengi, na baadhi ya nyumba zina banda lake uani. Mwislamu anayepanga Majengo atapata nyumba ambayo jambo hili lina utaratibu unaojulikana na kila mtu. Akipanga kata za pembeni itabidi aulize mwenyewe, na aulize siku ya kuja kuona chumba. Akishahamia amechelewa.

Mwanjelwa, Mafiati, Soweto, mpaka Sae

Kama unataka Mbeya yote mahali pamoja, ni hapa. Kando ya barabara kuu kuanzia Mafiati, kupita Kabwe na soko la Mwanjelwa, mpaka Soweto, Mama John na Sae, hakuna kabila la Nyanda za Juu Kusini ambalo halina mtu. Soko liliungua 2006, wafanyabiashara wakatawanyika kando kando, na hata baada ya soko jipya kujengwa wengi hawakurudi ndani. Kutawanyika huko ndiko kulikojaza mitaa ya nyuma vyumba vya kupanga.

Kazi zina mwelekeo, ingawa si sheria. Wakinga wamejijenga kwenye maduka ya jumla, vyombo, nguo na vifaa vya ujenzi. Mchele wa Kyela, ndizi za Tukuyu na samaki wa Ziwa Nyasa viko mikononi mwa wanawake wa Kinyakyusa zaidi. Viazi vinateremka kutoka Uporoto na Umalila na watu wake. Wachaga na Wapare wapo kwenye vipuri na vinywaji. Madereva wa malori ya Zambia na Kongo wanalala nyumba za wageni za kando ya barabara, na Wamasai wanalinda milango ya maduka usiku. Salamu zinabadilika kila baada ya hatua chache: huyu anaitika "ndaga", yule anakwambia "kamwene", na wote wanarudi kwenye Kiswahili ikifika bei.

Wengine husoma mabango ya maduka ili kujua mtaa ni wa nani. Inasaidia, lakini kwa uangalifu. Sanga na Chaula watakupeleka Makete mara nyingi. Majina yanayoanza na Mwa- hayakupeleki popote kwa uhakika: Wanyakyusa wanayo, Wandali wanayo, Wasafwa na Wanyiha pia wanayo. Mgeni akiona Mwa- kumi mfululizo husema "hapa Wanyakyusa watupu", kumbe wengine si Wanyakyusa. Hili ndilo kosa linalofanya Mbeya ionekane ya kabila moja kuliko ilivyo.

Ubaya wa Mwanjelwa ni kwamba mchanganyiko wake unahama. Wapangaji hukaa mwaka, biashara ikibadilika wanaondoka, na jirani uliyezoeana naye Machi hayupo Desemba. Chama cha kuzikana cha mtaa kinakuwepo kwa jina, lakini kila familia inategemea zaidi umoja wa watu wa kwao: umoja wa watu wa Makete, wa Ileje, wa Kyela. Kama huna umoja wa kwenu Mbeya, jiunge na jumuiya ya kanisa, msikiti au kikundi cha soko mwezi wa kwanza. Usisubiri upate shida.

Kuhusu msiba wenyewe, tofauti na Majengo ni kubwa. Majengo, msiba wa Kiislamu maiti huzikwa mapema, mara nyingi siku hiyo hiyo, na jirani anatakiwa afike haraka. Mwanjelwa safari ni ndefu: mwili unasafirishwa kwenda Tukuyu, Kyela, Makete au Mbozi, Coaster inakodiwa, majirani wanachanga mafuta, na wachache wanapanda. Katika familia za Kinyakyusa kilio ni cha watu wengi na cha siku kadhaa, na jirani asiyeonekana hata kwa nusu saa anakumbukwa. Mgeni anayedhani kutuma hela kwa simu kumetosha hataelewa kwa nini watu wamekuwa baridi kwake. Nenda, kaa kwenye benchi, ondoka kwa heshima.

Kitu kimoja cha kupima kwa macho kabla ya kununua au kupanga fremu huku: barabara. Hifadhi ya barabara kuu ni mita 30 kila upande kutoka katikati, na upanuzi wa njia nne kati ya Nsalaga na Ifisi unapita kwenye uti huu wote. Nyumba yenye alama ya X, ya kubomolewa, ikipakwa rangi upya haiachi kuwa na X.

Iyunga na Ikuti

Huku mchanganyiko uliletwa na ajira. Stesheni ya TAZARA, viwanda vya vinywaji, na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, ambacho kilikuwa chuo cha ufundi kabla ya kuwa chuo kikuu mwaka 2012. Reli ilileta familia kutoka Morogoro, Pwani na Dar es Salaam ambazo zilistaafu hapa hapa na kujenga. Wanafunzi wanatoka nchi nzima. Chuo kikifunguliwa utasikia Kisukuma na Kihaya kwenye foleni ya chipsi.

Tatizo ni kwamba ni mchanganyiko wa msimu. Chuo kikifungwa, hosteli za watu binafsi zinabaki tupu, genge linafungwa, na mtaa unarudi kwa wenyeji wake, Wasafwa na Wanyakyusa wa zamani. Familia yenye watoto ipange upande wa nyumba za wafanyakazi wa reli na viwanda, isipange katikati ya hosteli. Kodi ya hosteli hupangwa kwa kufuata mihula, kwa hiyo mpangaji wa kawaida anayetafuta chumba mwezi wa kufungua chuo ataambiwa bei ya wanafunzi. Tafuta chuo kikiwa kimefungwa.

Uyole na Igawilo

Uyole iko kama kilomita 10 mashariki ya mji, kwenye njia panda: moja inakwenda Iringa na Dar es Salaam, nyingine inashuka Tukuyu, Kyela na mpaka wa Malawi pale Kasumulu. Kwa sababu hiyo Uyole na Igawilo ndizo kata za jiji ambako Wanyakyusa wa Rungwe wanaonekana wapo nyumbani. Wengine wana shamba Rungwe na nyumba Uyole, na Jumamosi hawapo. Lakini ardhi ya asili ni ya Wasafwa, na kituo cha utafiti wa kilimo pamoja na chuo cha kilimo vimeweka hapa wataalamu wa kila mkoa kwa miaka mingi. Kuna pia Wawanji na Wakinga wa biashara ya viazi.

Ukilinganisha na Mwanjelwa, makabila ni machache lakini kila moja lina mizizi mirefu. Majirani hawahami. Lugha ya kwanza ya kikao cha kina mama inaweza kuwa Kinyakyusa, na watabadilisha wakikuona, ila mzaha wote utakuwa umepita. Anayekusudia kukaa miaka 10 atafaidi. Wa miaka miwili atajiona mgeni mpaka siku anahama. Baridi nayo si ya mchezo: Juni na Julai asubuhi ni koti zito, na nyumba ya bati bila dari utaichukia.

Viwanja vipya: Isyesye, Itezi, Mwakibete, na vilima vya pembeni

Hapa ndipo uamuzi wa kupanga na wa kununua unapotofautiana zaidi.

Kwenye viwanja vilivyopimwa, kama sehemu kubwa ya Isyesye, watu wamekuja mmoja mmoja kwa hela zao: mwalimu, askari mstaafu, mfanyabiashara wa Kabwe, nesi. Hakuna ukoo unaomiliki mtaa. Mchanganyiko wake unafanana na wa Forest ila majirani wanajuana, kwa sababu wamechimba mtaro pamoja, wamevuta umeme pamoja na wanalipa mlinzi mmoja. Kwa mchanganyiko wa watu wenye nia ya kukaa, ukiniuliza mimi, hapa pameshinda jiji zima. Upungufu ni barabara za ndani wakati wa mvua za Novemba hadi Aprili, na maji ambayo hayafiki kila siku.

Iziwa, Itagano, Mwansekwa, Tembela, Iganjo ni habari nyingine. Ziko ndani ya jiji kwa ramani, lakini ni vijiji vya Wasafwa kwa maisha. Kisafwa ndicho kinachosikika shambani na kilabuni, mipaka ni mti wa mlingoti na mfereji, na karibu kila mtu ni ndugu wa mtu. Ardhi ni rahisi, hewa ni nzuri, na kwa sababu hiyo wanunuzi wa mjini wanapanda huko kila mwaka. Si kweli kwamba wageni hawatakiwi. Wanatakiwa waingie kwa mlango: ukoo ukujue, mwenyekiti wa mtaa akujue, majirani wa mipaka wakujue. Migogoro mingi inayofika ofisi ya kata haitokani na kabila la mnunuzi. Inatokana na kijana mmoja wa ukoo kuuza kipande ambacho kaka zake hawakukubali.

Mbalizi

Iko magharibi, nje ya jiji, chini ya Halmashauri ya Wilaya ya Mbeya. Wasafwa, Wamalila wanaoteremsha mazao kutoka Umalila, Wanyiha kutoka upande wa Songwe, na tangu uwanja wa ndege wa Songwe ufunguliwe mwishoni mwa 2012, watu wa hoteli, magari na viwanja. Ukilinganisha na Uyole, Mbalizi ina Wanyakyusa wachache na watu wa magharibi wengi. Kumbuka tu kwamba vibali vya ujenzi na masuala ya ardhi hapa hayashughulikiwi na ofisi za jiji. Watu hupoteza wiki nzima kwa kupanga foleni isiyo yao.

Kuusoma mtaa kabla ya kulipa

Nenda mara tatu kwa saa tofauti. Saa 12 jioni, simama kwenye genge na usikilize lugha ya wauzaji wakiongea wao kwa wao. Wanavyoongea na wateja haikwambii kitu. Jumapili saa 3 asubuhi, hesabu makanisa na usikilize nyimbo: kanisa lenye ibada ya Kiswahili tupu lina waumini mchanganyiko, lenye tenzi za Kinyakyusa lina wazee wa mahali. Mara ya tatu siku ya kazi asubuhi, pita ofisi ya mtaa na usome ubao: matangazo ya michango, vikao, majina ya wajumbe. Muulize mwenyekiti au balozi mchango wa msiba ni kiasi gani na unalipwa kwa nani. Akijibu bila kufikiri, mtaa una umoja. Akisema "kila mtu na kwao", umepata jibu pia.

Dalali wa kawaida huchukua kodi ya mwezi mmoja, na wengine hutoza hela ya kuonyesha. Mwenye nyumba atataka miezi mitatu au sita mbele. Jitahidi iwe mitatu kwa mara ya kwanza, hasa kwenye nyumba ya korido. Akikuuliza kabila lako kabla ya kazi yako, jua anachagua wapangaji kwa jambo ambalo ibara ya 13 ya Katiba inalikataza kuwa sababu ya kubagua. Utabishana naye ukitaka, ila nyumba nyingine zipo, na atakayekubagua kwa kabila leo atakubagua kwa wageni wako kesho.

Kwa anayenunua kwenye ardhi ya ukoo, utaratibu usirukwe. Kwanza onana na majirani wa pande zote nne bila muuzaji kuwepo, uwaulize mpaka uko wapi na nani alilima hapo mwisho. Kisha omba kikao cha familia, mke au mume wa muuzaji awepo, pamoja na ndugu wenye haki. Ofisi ya mtaa ithibitishe, na ofisi ya ardhi ya jiji ikuangalizie kama eneo limo kwenye mchoro wa mipango miji, limetengwa kwa matumizi gani, na kama lina mgogoro ulioandikishwa. Mkataba uandikwe na wakili, vipimo kwa mita na picha ya mipaka, sahihi za mwenzi wa muuzaji, ndugu wawili na majirani wa mipaka. Malipo yapite benki, sehemu kubwa ibaki mpaka mawe ya mpaka yafukiwe mbele ya wote. Siku hiyo ya mawe leta soda za kutosha. Kwa Wasafwa wa vilimani, kama kwingine, aliyekunywa soda kwenye mpaka wako ndiye shahidi wako baada ya miaka 20.